Chambo cha Bandia na Samaki wa Kweli

Mvuvi ni mtu mwenye kusoma, ingawa kitabu chake si cha karatasi. Husoma maji, husoma upepo, husoma mwezi, na zaidi ya yote husoma tabia za samaki. Mtu atupaye mshipi bila kusoma hayo, hata akiwa na vyombo vizuri namna gani, hurudi nyumbani na kapu tupu. Habari za kijana mmoja wa Goba zitatuonyesha jambo hili.

1. Ahadi ya Jumamosi

Goba ni mahali penye vilima, pembeni mwa mji wa Dar es Salaam. Zamani palikuwa mashamba, na siku hizi nyumba zimejaa toka bondeni hata juu. Goba haipakani na bahari, lakini mtu akishika njia ya kuelekea mashariki hafiki mbali kabla ya kusikia harufu ya chumvi; na kijiji cha wavuvi cha Kunduchi ki upande huo wa pwani.

Huko Goba alikaa kijana mmoja wa darasa la sita pamoja na mama yake. Kazi ya mama ilikuwa kukaanga samaki na kuwauza jioni kando ya barabara. Kila siku alinunua samaki kwa wachuuzi, akawasafisha, akawatia chumvi na ndimu, akawakaanga. Na faida ndogo iliyobaki ndiyo iliyonunua unga, mafuta ya taa na madaftari.

Siku moja kaka yake yule kijana, afanyaye kazi mjini, alimletea paketi yenye samaki kumi wa plastiki laini. Walikuwa wekundu kama pilipili, warefu kama kiganja cha mtu mzima, na mikia yao ilitikisika ukiwagusa. Kaka akasema, “Hiki ni chambo cha bandia. Wazungu huvulia samaki wakubwa kwa chambo hiki, wala hakiozi.”

Kijana akafurahi mno. Akamwambia mama yake, “Mama, Jumamosi usinunue samaki. Mimi nitakuletea.” Mama akamwamini, akatumia fedha za samaki kununua mafuta na unga.

Jumamosi ile kijana alifika Kunduchi saa sita mchana. Ilikuwa siku ya bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Akasimama penye maji machache maangavu, jua likimwakia utosini, akafunga samaki mmoja mwekundu pamoja na chubwi kubwa, yaani risasi ya kuzamishia mshipi. Akatupa, akavuta upesi. Akatupa tena, akavuta tena. Chambo kilizunguka kama pia, mshipi ukajisokota, na samaki wadogo wakakimbia huku na huku kwa hofu. Jua lilipokuwa linashuka hakuwa amepata hata samaki mmoja.

Jioni ile kikaango cha mama hakikupata moto. Wateja walipita, wakauliza, wakaenda zao. Mama hakugomba, alisema neno moja tu: “Mwanangu, kikaango hakipiki ahadi.” Neno lile lilimchoma kijana kuliko fimbo.

2. Mjomba akagua paketi

Kesho yake, baada ya ibada, kijana alikwenda kwa mjomba wake, mvuvi wa Kunduchi mwenye mtumbwi mdogo.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?”

Kijana akamweleza yote, kisha akasema, “Mjomba, chambo hiki ni uongo mtupu.”

Mzee akacheka. “Ndiyo, ni uongo. Kazi yake ni kumdanganya samaki. Lakini mvuvi asijidanganye mwenyewe. Nionyeshe.”

Akaitazama ile paketi. Baadhi ya samaki wale walikuwa wamepinda migongo, maana kijana aliwakunja mfukoni, kisha akawaacha juani hata plastiki ikashika umbo lile la kupinda. Mzee akauliza, “Je, umepata kumwona baharini samaki mwekundu hivi, aliyepinda hivi, aendaye mbio akizunguka kama pia?”

“La, mjomba.”

“Basi na wale samaki hawakupata kumwona. Ulitaka wale kitu wasichokijua, saa wasiyokula, mahali wasipokaa.”

3. Asili ya chambo hiki

Ili tuelewe vema maneno ya mzee, yafaa tujue chambo hiki kilitoka wapi, na kilibuniwa kwa samaki gani.

Tangu kale watu wamevulia chambo cha bandia kilichofanywa kwa manyoya, mti, mfupa au madini. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, huko Marekani, mtu mmoja jina lake Nick Creme alifanya nyungunyungu wa plastiki laini. Plastiki ya namna hii huchanganywa na mafuta ya kuilainisha na rangi, hupashwa moto hata iwe majimaji, kisha humiminwa katika kalibu. Ikipoa huwa kitu laini chenye kunyumbuka. Baadaye wengine wakafanya samaki, vyura na kamba kwa njia hiyo hiyo.

Chambo hicho kilipata sifa kwanza kwa kumvua samaki aitwaye besi. Huyu ni samaki wa maji baridi, asili yake Amerika ya Kaskazini. Rangi yake ni ya kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na kinywa chake ni kikubwa hata ncha ya taya hupita nyuma ya jicho. Hapendi kufukuza mawindo kwa mwendo mrefu. Hujificha penye magugu, au kando ya gogo lililozama, au kivulini, akangoja. Kitu kikipita karibu hufungua kinywa chake kwa ghafula, na maji huingia kwa nguvu pamoja na mawindo. Akiona ameshika kitu kigumu kama mti au bati, hukitema mara moja. Kitu laini hukishika kwa muda zaidi, na muda huo mdogo ndio nafasi ya mvuvi.

Hapa Afrika ya Mashariki samaki huyu anajulikana sana katika ziwa Naivasha, nchi ya Kenya, lililo katika Bonde la Ufa. Besi waliletwa ziwani humo mwaka 1929, ili watu wapate mchezo wa kuvua. Kisha mwaka 1970 aliingizwa kamba mwekundu wa maji baridi mwenye magando, ambaye asili yake ni Marekani vilevile. Kamba hao wakaongezeka, nao wakawa chakula kikubwa cha besi.

Sasa angalieni akili ya mvuvi wa Naivasha. Akijua ya kuwa besi hula kamba, huchagua chambo chenye umbo la kamba, rangi ya udongo au ya wekundu uliofifia, na hukiburuza polepole chini ya maji, kwa maana kamba hutambaa chini. Tena kamba huyu akitishwa hukimbia kinyumenyume. Kwa hiyo mvuvi hukitunga chambo mkia mbele na magando nyuma, ili kivutwapo kionekane kama kamba akimbiaye. Na kwa kuwa ukingoni kuna mafunjo na magugu, huificha ncha ya ndoano ndani ya mwili wa chambo, isinase majani. Besi akiuma, plastiki hubonyea, mvuvi huvuta kwa nguvu, na ncha hutokeza ikamchoma samaki mdomoni.

Besi hakai baharini kwetu, wala kamba yule hayuko Kunduchi. Lakini kanuni ni moja: jua kwanza samaki ala nini, ndipo uchague chambo.

4. Mambo manne ya kuchagua

Mzee alimchukua mpwa wake mpaka mlango wa kijito chenye mikoko. Wakakaa kimya, wakatazama. Maji yalipokuwa yakipwa, dagaa na watoto wa mkizi na kamba wadogo wa baharini walitoka kati ya mizizi wakifuata maji. Hapo mlangoni maji yalichafuka mara kwa mara kwa kishindo: kolekole walikuwa wakiwangoja. Ndipo mzee akamfundisha mambo manne.

Jambo la kwanza ni umbo. Mahali penye dagaa, chukua chambo chembamba mfano wa dagaa. Mahali penye kamba, chukua mfano wa kamba. Chambo chenye mkia mpana hutikisa maji kikivutwa, na samaki huhisi mtikiso ule hata kabla ya kukiona. Chambo chenye mkia mwembamba hakitikisi sana, na humfaa mvuvi ajuaye kukichezesha kwa mkono.

Jambo la pili ni ukubwa. Chambo na kilingane na mawindo yaliyopo siku hiyo. Dagaa wakiwa warefu kama kidole, chambo cha urefu wa kiganja huwatisha samaki badala ya kuwavuta.

Jambo la tatu ni rangi. Maji yakiwa maangavu, samaki huona vizuri. Chagua rangi isiyopiga kelele, kama nyeupe ya kung'aa kidogo au ya kijivu, mfano wa dagaa mwenyewe. Maji yakiwa na matope, rangi hizo hupotea. Chagua nyeusi, ambayo kivuli chake huonekana, au ya manjano iliyokolea.

Jambo la nne ni uzito. Chubwi kubwa hukizamisha chambo kama jiwe, na hakuna dagaa azamaye kama jiwe. Chukua chubwi dogo kadiri uwezavyo, mradi chambo kifike pale samaki walipo. Mkondo ukiwa na nguvu au maji yakiwa na kina, ongeza kidogo. Mara nyingi samaki huuma chambo kinaposhuka polepole, kwa kuwa huonekana kama kiumbe kilichochoka au kilichojeruhiwa.

5. Kutunga na kuchezesha

Chambo kikiisha kuchaguliwa, kazi haijaisha. Kijana alijifunza kukitunga hivi. Kwanza huilaza ndoano kando ya chambo, apate kuona ncha itatokea wapi mgongoni. Kisha huingiza ncha katikati ya pua, huisukuma ndani kwa kuinyosha, na huitoa mahali pale alipopima. Chambo lazima kinyoke kama uzi. Kikipinda hata kidogo, kitazunguka majini na kuusokota mshipi, kama ilivyokuwa ile Jumamosi.

Mara baada ya kutupa, mvuvi hukiacha chambo kishuke, naye huukaza mshipi kidogo kidoleni, usilegee wala usivute sana. Kikifika chini hukiinua kwa taratibu, kama shibiri mbili, kisha hukiacha kishuke tena. Hungoja, halafu huinua. Asiharakishe. Kidole chake ndicho jicho lake: akihisi mgongano mdogo, au uzito usiokuwapo, au mshipi ukienda upande bila upepo, asifikiri sana, na avute.

“Mjomba,” kijana akauliza, “je, chambo hiki chashinda ngisi na kamba wa kweli?”

“Hakishindi siku zote,” akajibu mzee. “Usiku, au maji yakichafuka sana, samaki wengi hufuata harufu, na kipande cha ngisi hufaa zaidi. Chambo cha bandia humfaa samaki awindaye kwa macho na kwa kuhisi mtikiso. Kila kimoja kina siku yake.”

6. Jumamosi ya pili

Majuma mawili yakapita, bamvua ikarudi. Safari hii kijana hakumwahidi mama yake kitu. Mama alinunua samaki kwa wachuuzi kama desturi, na kijana akaenda kulala kwa mjomba wake. Kwa posho yake alikuwa amenunua vyambo vitatu tu, vidogo, vyeupe, mfano wa dagaa, akavilaza bila kuvikunja katika kibati, mbali na jua.

Maji yalijaa kabla ya mapambazuko, nayo yakaanza kupwa jua lilipochomoza. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kutia nanga mlangoni mwa kijito. Kijana akatupa, akangoja. Akahisi miguso midogo midogo, akavuta, na tazama, mkia wa chambo umekatwa kama kwa mkasi!

“Huyo ni bunju,” akasema mzee. “Meno yake hukata plastiki. Siku ukimpata, usimpeleke nyumbani kabisa, maana ana sumu iwezayo kuua mtu, wala haiondoki kwa kupikwa.”

Wakasogea kidogo. Kijana akatunga chambo cha pili, akatupa upande wa kivuli cha mikoko. Chambo kikashuka, kabla hakijagusa chini, mshipi ukaenda upande. Akavuta! Samaki akakimbia, mshipi ukamwunguza vidole, lakini hakuuachia. Alikuwa kolekole wa kumtosha mtu mmoja mlo mzuri. Baadaye akapata wa pili na wa tatu.

Kisha akaumwa na chewa mdogo, asiyezidi shibiri. Kijana akataka kumtia kapuni, mzee akamzuia. “Chewa hukua polepole,” akasema. “Wengi wao huanza wakiwa majike, na wakiwa wakubwa baadhi yao hugeuka madume. Ukiwamaliza wadogo hutapata majike wala madume. Mrudishe.” Kijana akailowesha mikono yake, akaitoa ndoano kwa uangalifu, akamwachia samaki majini.

Jua lilipopanda, samaki wakaacha kula, nao wakarudi pwani. Jioni ile mama alikaanga samaki wake aliowanunua, na kolekole watatu juu yake. Fedha za kolekole hazikuwa nyingi, lakini zilirudisha hasara ya ile Jumamosi ya kwanza. Mama alizihesabu mara mbili, akatabasamu, akasema, “Leo kikaango kimepika samaki.”

7. Mambo ya kujihadhari

Kwanza, plastiki haiozi upesi kama jani au mfupa. Kipande cha chambo kilichokatika kisitupwe majini wala pwani, kwa kuwa samaki na kasa huweza kukimeza, kikawadhuru tumboni. Kirudishwe katika kibati na kutupwa penye taka.

Pili, plastiki laini za namna mbalimbali zisichanganywe katika chombo kimoja. Nyingine huyeyushana na kuwa bonge moja lisilofaa kitu.

Tatu, si kila mahali paruhusiwa kuvua. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vilivyo mbele ya pwani hii, vilifanywa hifadhi za bahari mwaka 1975, ili samaki wapate mahali pa kuzaana kwa amani. Mvuvi mwema hutii sheria hiyo, maana samaki wazaliwao hifadhini hutoka na kuenea nje.

Nne, samaki asihamishwe akiwa hai kutoka maji haya kwenda maji mengine kwa mapenzi ya mtu tu. Samaki mgeni huweza kuwala wenyeji au kuwanyang'anya chakula, na akiisha kuenea ni vigumu kumwondoa.

Kijana yule wa Goba angali na ile paketi ya samaki wekundu. Hakuitupa. Ameitundika ukutani juu ya madaftari yake, ili imkumbushe maneno ya mjomba wake: chambo humdanganya samaki, lakini mvuvi asijidanganye mwenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini mama hakuuza samaki Jumamosi ya kwanza? Ungekuwa wewe yule kijana, ungefanyaje?
2. Taja makosa manne aliyoyafanya kijana siku ile.
3. Eleza jinsi plastiki laini inavyofanywa kuwa chambo.
4. Kwa nini mvuvi wa Naivasha hutunga chambo cha kamba mkia mbele?
5. Taja mambo manne ya kuangalia katika kuchagua chambo, na utoe sababu ya kila moja.
6. Kwa nini mlango wa kijito ni mahali pema pa kuvulia maji yanapoanza kupwa?
7. Kwa nini mzee aliagiza chewa mdogo arudishwe majini?
8. Andika insha fupi juu ya maneno haya: “Kikaango hakipiki ahadi.”